Wahojiwa Wasio na Viatu

Wahojiwa walifika Jumatatu asubuhi, dada wa mapokezi akiwa anapangusa vumbi kwenye ua la plastiki. Wakaamkia, wakaomba kuonana na mtafiti, wakaketi. Viti havikutosha, hivyo wengine waliegemea ukuta chini ya bango lililosema kwamba taasisi ile ni sauti ya wasio na sauti. Wote walikuwa peku, na nyayo zao hazikuwa na tope ingawa nje ilikuwa inanyesha.

Mtafiti alichungulia akawatambua, maana ndiye aliyewatunga. Ripoti ya zahanati ilikuwa imechelewa, na mkurugenzi alishampa hitimisho mapema: zahanati ya mtaa ifungwe, wagonjwa waende hospitali ya ng'ambo ya mji. Mwenye hospitali hiyo ndiye aliyefadhili utafiti. Basi mtafiti akakaa na chai yake, akabuni wananchi, akawapa umri, kazi na maoni. Hakuwapa maradhi wala viatu, kwa kuwa havikuhitajika.

"Wamefika lini?" mkurugenzi aliuliza.

"Sasa hivi, bosi."

"Wape chai. Kesho kuna kikao cha wananchi, watatufaa."

Walipewa chai, wakashukuru kwa sentensi kamili.

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja fundi cherehani. Mtafiti alipomwona, alirudi nyuma ya mlango. Siku ile mawazo yalipomkaukia, alimwazima mama yake mzazi: uso, cherehani, kicheko, hata pengo la mbele. Aliacha mguu tu. Mama yake ana sukari, na mguu wake wa kushoto una kidonda kilichokuwa kikisafishwa pale zahanati, hatua chache kutoka mlangoni kwake.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa shule. Wahojiwa waliwahi viti vya mbele. Fundi cherehani wa ripoti alisimama, akasema, "Zahanati ya mlangoni inatudekeza. Kutembea ni dawa." Ukumbi ukampigia makofi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na lami kabisa.

Kisha mama mzazi akainuka, kashika bega la jirani.

"Jamani, mimi na mguu wangu huu..."

Mwenyekiti alivaa miwani, akamtazama vizuri. "Mama, wewe tumeshakusikia. Tuwaachie na wengine nafasi."

"Sijasema kitu, mwanangu."

"Umesema, tena vizuri sana. Tumeandika."

Mama alimtafuta mwanawe kwa macho. Mtafiti alikuwa mezani karibu na kipaza sauti, anapanga chupa za maji. Aliona haya, haya ya kweli, akaendelea kupanga chupa.

Zahanati ilifungwa. Wahojiwa wengine walichukuliwa na taasisi nyingine zilizokuwa na upungufu wa wananchi. Fundi cherehani alibaki, akaenda moja kwa moja hadi kwa mama, kwani ndiyo nyumba pekee aliyoifahamu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alisema, akamsogezea kiti.

Walishonea cherehani moja kwa zamu. Majirani waliwasalimu wote wawili kwa pamoja. Siku za kusafisha kidonda, mama alijikokota kwenda ng'ambo ya mji, naye mgeni alimpungia mkono kutoka mlangoni.

"Kutembea ni dawa, dada."

"Nimekusikia, mwenzangu."

Mwanawe alijitolea kumsindikiza. "Nenda kazini, Profesa," mama alimjibu. Hilo ndilo jina alilompa tangu utotoni, mama alipokuwa akijivunia madaftari ya mwanawe. "Utachelewa."

Mguu ulikatwa kabla mvua hazijaisha. Mama aliporudi, mwanawe alimbeba mpaka kitandani, akalia hadi akakaukiwa na machozi. Mama alimwacha alie. Kisha akamwagiza avute viatu vyake vya kutokea kutoka uvunguni.

"Mpe mwenzangu cha kushoto," alisema. "Anatembea peku, na nyie mnamwita kwenye vikao. Cha kulia tutapokezana."

Mtafiti alipiga goti, akamvisha. Kilimkaa sawasawa.