Mgongo wa Nestori

Kila Jumamosi wanamieleka wa chama cha mji wa Turku waliingia pamoja saunani, chumba cha mvuke wa mawe ya moto, na kila mmoja alikuwa na mwenziwe wa kumsugua mgongo. Vihtori alimsugua Nestori. Ndiye aliyemfundisha mieleka, tangu Nestori atoke shamba hajui hata kumkaba mtu kifuani. Sasa mji mzima ulimwimba Nestori, na Vihtori akawa mtu wa kuulizwa hali ya Nestori.

Nafasi ya kwenda kushindana Stockholm ilikuwa moja. Wangeigombea wao wawili kesho yake, baada ya ibada.

"Taratibu hapo, kaka." Nestori alijikunja. "Ubavu wa kushoto. Gogo liliniangukia bandarini. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Wote wako upande wako."

"Acha wivu, mzee. Mwaga maji kwenye mawe."

Vihtori akamwaga. Mambo ya saunani huachwa saunani. Hilo hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Asubuhi kanisani, Nestori alipopita, Amanda mkewe Vihtori aligeuza shingo.

"Kijana kapendeza leo," akanong'ona.

"Tazama madhabahu, mama."

Vihtori alijaribu kusali, lakini kila alipofumba macho alimwona Nestori juu ya meli ya kwenda Stockholm.

Ukumbini walishikana mpaka jasho likalowesha mkeka. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Mzee, nenda kalale!" Watu wakacheka, na katika kicheko kile Vihtori alidhani amesikia cha Amanda. Akapitisha mikono, akaifunga juu ya ubavu wa kushoto, akabana kwa nguvu zote alizojaliwa na Mungu.

Nestori hakulia. Alimtazama mara moja tu usoni, kisha mabega yake yote mawili yakagusa mkeka.

Jumamosi iliyofuata Vihtori aliingia saunani akiwa ndiye wa kwenda Stockholm. Wenzake walimpongeza kwa adabu, kama wanavyompongeza mgeni. Akachukua fungu la matawi mabichi ya kumchapia mwenzio mgongo kabla ya kumsugua, akamsogelea Nestori.

"Geuka, mdogo wangu."

"Nina mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Urho seremala, aliyejiunga juzi tu. Akaanza kumchapa Nestori mgongoni.

"Mtazame! Kama anaua nzi," Vihtori alisema.

"Ananitosha," Nestori akajibu, bila kugeuka.

Hakuna aliyecheka. Vihtori akakaa benchi la chini, akajisugua mgongo mwenyewe mpaka pale mkono ulipoweza kufika, macho yake hayaondoki kwenye mikono ya Urho.