Kibanda cha Kulalia Ukweni

Makete kuna baridi ya kishenzi. Nalisema hilo mwanzo kabisa, asije mtu akaniambia niliikimbia maiti ya mke wangu. Nilikimbia baridi. Maiti ilikuwa imeshazikwa.

Mke wangu Justa alikuwa mwalimu. Serikali ilimtoa kwao Makete, kwenye ukungu na viazi, ikamleta Nachingwea kwenye korosho na jasho, na mimi seremala wa darasa la saba nikamuoa kabla hajapata akili ya kukataa. Tukakaa miaka ishirini na mbili. Miaka sita ya mwisho alikuwa anaomba uhamisho arudi kwao, maana mama yake amezeeka na yeye mwenyewe moyo ulishaanza kumsumbua. Aliandika barua nne. Kila akienda kuuliza anaambiwa faili linashughulikiwa. Mimi nimeshughulikia mbao maisha yangu yote. Ubao ukiushughulikia miaka sita unakuwa kabati, au kitanda, au basi hata kigoda. Lile faili halikuwa hata kigoda.

Moyo wake ukachoka kabla ya faili. Tukampeleka kumzika kwao, mwezi wa saba mwaka jana. Siku ya kumi na tisa baada ya mazishi nikaitwa ofisi ya elimu Nachingwea nikapewa bahasha ya Justa: ombi lako la uhamisho limekubaliwa, unatakiwa kuripoti katika kituo kipya ndani ya siku kumi na nne. Nikamwambia karani, huyu ameshafika, amewatangulia. Karani akasema nisaini kwamba nimepokea. Nikasaini. Bahasha nikaitia kwenye mfuko wa koti la suti na ikakaa humo humo.

Sasa ile aibu ya kukimbia. Msiba kule ni siku tatu, na mume analala pale pale nyumbani siku zote tatu. Lakini mkwe halali chini ya bati la mama mkwe. Huo ni mwiko kwao na kwetu Wamwera pia, hapo hatukubishana. Shida ni kwamba kila bati lililoko pale uani ni la mama mkwe, isipokuwa ghala la viazi, ambalo ni la nyasi. Nikapewa ghala. Nililala juu ya viazi nimevaa suruali mbili, koti la suti, na kanga ya marehemu nimejifunga kichwani. Kulipopambazuka maji ya kwenye ndoo yalikuwa yameganda. Nikayatazama maji, nikatazama miguu yangu, nikapanda basi la kwanza. Sikuaga mtu.

Mwezi wa tano mwaka huu shemeji yangu Magreti, mdogo wake Justa, akanipigia simu. Nyuma yake namsikia mama mkwe. Huyu mama hajanisemesha mdomo kwa mdomo tangu nioe, ndiyo heshima yenyewe. Hata tukiwa watatu uani, maneno lazima yapitie kwa Magreti.

"Shemeji, mama anasema kaburi la dada linajengewa mwezi wa saba."

"Mwambie mama nitakuja."

Nyuma kukasikika kunguruma.

"Anauliza, unakuja kulala au unakuja kuchungulia?"

"Kulala."

"Siku tatu?"

"Siku tatu, shemeji."

Akanguruma tena, safari hii kwa kirefu. Magreti akakohoa. "Niseme kama alivyosema?"

"Sema."

"Anasema wazee wameshakaa. Ukilala siku tatu, kwenye jiwe wataandika Justa Sanga, mke wa Apolinari. Ukikimbia tena wataandika Justa Sanga, basi, wapige rangi. Na hilo jiwe halirudiwi."

Nikakaa kwenye benchi la karakana nikiwa bado na simu sikioni, imeshakatika. Miaka ishirini na mbili, halafu niondolewe kwenye jiwe kwa sababu ya baridi! Nikaitazama pikapu yangu ya kubebea mbao. Kama kila bati la kule ni la mama mkwe, basi mimi nitakwenda na bati langu, juu ya matairi.

Kesho yake nikaanza. Kibanda cha futi sita na nusu kwa futi nne na nusu, cha kukaa nyuma ya pikapu na kushuka kikitakiwa kushuka. Fremu ya mbao, nje bati, ndani silingibodi. Katikati ya bati na silingibodi nikataka sufi, ile ya kujazia mito, ishonewe kwenye magunia ya korosho. Magunia ninayo mengi: ni yale ambayo wakubwa walituletea msimu ukiwa umekwisha na korosho zetu zimeshanyeshewa chini. Nikampelekea Rukaiya, fundi cherehani wa sokoni.

"Mzee Apo, unamshonea nani koti kubwa hivi?"

"Gari."

"Gari linasikia baridi?"

"Likifika Makete litasikia."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa ndani ya koti."

Akacheka mpaka akachomwa na sindano, na lawama nikapewa mimi.

Mtu wa kuniongoza alikuwa Gwakisa, bwana shamba, kijana wa Tukuyu aliyeletwa huku miaka kumi iliyopita na bado analalamika joto. Yeye baridi anaijua tangu tumboni. Mimi namwita Serikali, maana ndiyo serikali pekee inayofika karakana kwangu bila kudai kitu.

"Karibu, Serikali."

"Nimekaribia, raia mkorofi. Hebu nione."

Akazunguka. Akainama chini. "Hapa chini hujaweka kitu. Baridi hainyeshi kama mvua, mzee, inapanda kutoka chini. Weka sufi mara mbili." Nikaandika kwenye ubao. "Na jiko la mkaa humu ndani usithubutu. Kwetu kila mwaka kuna watu wanaolala na jiko, wanaamka marehemu. Jaza madumu maji ya moto, yafunge blanketi, yaweke chini ya kitanda." Nikaandika. Kisha akanyanyua kichwa, akaona nilichofanya chini ya paa.

"Haya matundu ni ya nini?"

"Ya hewa."

"Hewa ya nani?"

Nilikuwa nimetoboa matundu kumi na mawili, sita kila upande, nikayawekea wavu wa mbu. Sikuyafikiria. Nimejenga nyumba Nachingwea, Marambo mpaka Mbekenyera, na hakuna hata moja niliyoiacha bila matundu ya kutolea joto. Mkono wenyewe ulitoboa.

Gwakisa akashika tumbo. "Mzee Apo, unampelekea wavu mbu gani? Mbu wa Makete alikufa mwaka wa uhuru! Hiki siyo kibanda, hili ni banda la kuku lenye godoro!"

Nilikasirika, na nikikasirika nafanya kazi kupita kiasi. Nikaziba matundu yote kumi na mawili. Kila kiungo nikakipaka silikoni. Mlango nikauzungushia mpira wa tairi mpaka ukawa unafungwa kwa kupigwa teke. Hata chungu kilichofunikwa hakibani mvuke kama kibanda kile.

Ikabaki kukijaribu. Nachingwea baridi utaipata wapi? Kwa Bashiri tu, dereva wa lori la samaki wa barafu. Alikuwa ameshusha mzigo wa soko, anakwenda Ruangwa na lori tupu.

"Jokofu linafanya kazi gari ikitembea," akasema. "Siwezi kuunguza dizeli nimesimama kwa ajili ya mtu anayetaka kulala. Natoka saa saba. Unapanda au hupandi?"

Siku hiyo Namungo wanacheza Ruangwa, na Gwakisa naye alikuwa anakwenda mpirani. Wanaume sita wakanyanyua kibanda wakakisukumia ndani ya lori. Nikaingia na madumu mawili ya maji ya moto, tochi, na koti langu.

"Ukizidiwa, gonga," Gwakisa akasema.

"Mtasikia?"

"Tutasikia."

Sikupaswa kuamini, maana ameajiriwa na watu wale wale wa faili. Lakini niliamini. Milango ikafungwa.

Nikuambie ukweli: kulikuwa na joto. Nje ya kibanda jokofu linavuma, samaki wananuka hata baada ya kuondoka, na mimi ndani nimevua koti. Nikajilaza nikaona nimeshashinda. Nikaona jina langu kwenye jiwe, herufi kubwa.

Tone la maji likaniangukia kwenye paji la uso.

Nikadhani bati linavuja. Halafu nikajiuliza, mvua gani inanyesha ndani ya jokofu? Nikamulika juu. Silingibodi yote imetoka jasho kama chupa ya bia. Ilikuwa pumzi yangu mwenyewe! Nilikuwa naitoa, inapanda, inakosa pa kutokea, inarudi kama maji. Shuka likalowa, mto ukalowa, na kichwa kikaanza kuwa kizito kama nimelewa pombe ya mabibo. Nikagonga. Lori likaendelea. Nikagonga tena, na kwa bahati lori likasimama.

Nikangoja mlango. Nasikia nje honi, ngoma, watu wanaimba. Mlango kimya. Nikafungua mlango wa kibanda kwa teke kupata hewa. Ubaridi wa samaki ukanikamata nikiwa nimelowa, nikaufunga haraka. Nikifunga, nakosa pumzi. Nikifungua, nakuwa samaki changu wa barafu. Nikachukua dumu nikaanza kulipigia ukuta wa lori kama kengele ya shule.

Nje mtu akasema, "Jamani, kuna samaki anagonga."

"Samaki gani?"

"Sasa mimi nimjuaje? Sikiliza!"

Wakafungua. Tulikuwa nje ya uwanja wa Ruangwa, na watu kama thelathini wenye jezi wakanitazama nikitoka kwenye kibanda, nimevaa fulana, moshi unanitoka mwilini, maji yanachuruzika ndevuni.

"Huyo kambale!" mmoja akapiga kelele. "Si mnaona ndevu?"

Walicheka mpaka wale waliokuwa kwenye foleni ya tiketi wakaiacha. Huko ndiko walikokuwa Bashiri na Gwakisa, wanabishana mchezaji gani apangwe mbele. Gwakisa akaja mbio, tiketi mkononi, uso umemshuka.

"Serikali!" nikamwambia mbele ya wote. "Umenisahau kama faili!"

 Akavuta koti langu kutoka kibandani akanifunika. Halafu kwa sauti ndogo, "Ulisikia baridi?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

"Silii. Ni maji ya silingibodi."

Akaingia ndani ya kibanda, akapapasa juu, akatoka anafuta mkono kwenye suruali. "Mzee, yale matundu. Mawili yangebaki."

"Sema kwa sauti, mashabiki wasikie."

"Ulikuwa sahihi!"

"Nusu," nikasema, maana mimi si mtu wa kudhulumu. Matundu kumi na mawili yangeniua kwa baridi. Bila tundu ningekufa kwa pumzi yangu. Nikatoboa mawili, moja chini miguuni na moja juu karibu na mlango, kila moja na kijibao cha kusogeza ili kufungua na kufunga.

Mwezi wa saba nikapita Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, mashimo ya barabara nikiyalaani moja moja na waliopewa kazi ya kuyaziba pia. Nikaingia uani kwa mama mkwe jua likiwa bado juu. Akatoka, akasimama upande wa pili wa pikapu ili tusionane uso, Magreti katikati.

"Mama anauliza, hilo bati la nani?"

"Langu."

"Anauliza, limekaa kwenye ardhi ya nani?"

"Mwambie limekaa kwenye matairi."

 Halafu mama mkwe akacheka, kicheko cha kukohoa, na kwa mara ya kwanza Magreti hakuwa na kitu cha kunifikishia.

Nililala siku ya kwanza na ya pili kama bwana. Asubuhi bati la nje jeupe kwa barafu, ndani mimi na soksi moja. Jioni ya tatu upepo ukatoka mlimani, na kile kijibao cha tundu la juu, ambacho barabara ilishakilegeza, kikang'oka kikaenda na upepo. Baridi ikaingia inapiga mluzi. Wazee walikuwa bado wamekaa karibu na moto, wananitazama. Kituo cha basi kiko mbele yao. Nikapapasa koti kutafuta kitambaa cha kuzibia, nikakuta bahasha.

Nikaikunja ile barua mara tatu, ikalingana na tundu utadhani ilipimwa. Sikuiziba yote, nikaacha upenyo wa kidole, nipumue. Nikalala.

Asubuhi fundi akachonga jiwe mbele yangu. Justa Sanga, mke wa Apolinari. Alikosea A ikawa kama H iliyolegea, nikamwambia aache hivyo hivyo.

Nilipokuwa nafungasha, Magreti akaja. "Mama anasema bati la mkwe lisiondoke. Lishushwe, liwekwe juu ya mawe. Mkwe akija tena awe na pa kulala."

Tukalishusha, pembeni ya ghala la viazi, linatazama kaburi. Nikawasha pikapu tupu. Magreti akarudi anakimbia.

"Shemeji, mama anauliza, kuna karatasi ya serikali imechomekwa ukutani, ina muhuri. Aitoe?"

"Mwambie aiache," nikasema. "Hiyo ni barua ya mwanawe. Imeripoti kituo kipya."