Wakwe Kwenye Simu

Kama kuna jambo lililomshinda Loisi hapa duniani, ni kumtazama mkwewe usoni. Si kwamba Zablon ni mtu mbaya, hapana. Kijana wa watu katulia, mtoto wa mwinjilisti wa Mvumi, na siku alipokuja kuposa hakuinua macho kutoka kwenye mkeka. Ndivyo Wagogo walivyolelewa: mkwe na mama mkwe hawaangaliani, na wakiwa na neno linapita kwa mtu wa katikati. Miaka yote ambayo wanandoa hao wamekaa Ujerumani, mtu huyo alikuwa Emiliana, binti wa Loisi na mke wa Zablon.

Na mambo yalikwenda, wala usidhani hayakwenda. Emiliana akitoka kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alisimamisha simu dirishani jikoni akapika, huku mama yake yuko kijijini Hombolo anamkosoa.

"Huo mlenda mbona maji mengi, unataka kuuoga?"

Zablon akipita nyuma, Loisi aliilaza simu kifudifudi mezani na kungoja.

"Kashapita?"

"Kashapita, mama."

Mimba ilipoingia, Loisi akaanza kufunga mizigo. Uzazi wa kwanza mama mtu ndiye anayekaa na bintiye, amkande maji ya moto, ampikie uji, aogeshe mtoto ili mzazi apate kulala. Hilo halina mjadala. Lakini viza haikutoka, akaambiwa aombe tena, na mtoto naye hakuwa na habari za viza. Akazaliwa, wa kike, wakampa jina la bibi yake.

Basi, Emiliana akaanza kupungua maneno. Mwanzo alisema kachoka tu. Baadaye akawa anapiga simu na kutazama pembeni. Mwisho akaacha kupiga, na Loisi akipiga haipokelewi. Aliumia, asikudanganye mtu. Alikonda.

Siku simu ilipoita alikuwa shambani akipogoa mizabibu na jirani yake Zipora. Akaona jina la Emiliana, akabonyeza haraka haraka, na sauti ikawa ya mwanamume.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Ni mimi."

Mkono ulitaka kuigeuza simu, lakini kwenye kioo hakukuwa na uso. Palikuwa na dari nyeupe na taa. Zablon naye kalaza simu ya mkewe chali, kwa heshima. Loisi akashusha pumzi, akaiweka ya kwake chali juu ya kreti la zabibu, ikitazama mawingu. Watu wazima wawili, mmoja anaonyesha dari na mwingine anaonyesha mbingu, na mtoto analia.

"Zipora, njoo uitikie," akasema Loisi.

Zipora akainama juu ya kreti. "Mama mkwe wako anasema marahaba. Anauliza, Emiliana yuko wapi?"

"Yupo kitandani. Tangu juzi hasemi, hali, hataki kumshika mtoto. Kwa daktari tunakwenda kesho asubuhi. Ila mtoto anakataa chupa. Nimembeba, nimemwimbia. Sijui tena nifanye nini."

"Anasema..." Zipora akaanza.

"Nimesikia. Mwambie amlaze kifuani kwa mama yake."

"Anasema umlaze kifuani kwa mama yake."

"Nimemlaza. Anamwacha anateleza."

Kilio kikaanza kuwa chembamba. Loisi kalea watoto, anakijua kilio cha hasira na anakijua cha mtoto anayeishiwa nguvu. Hiki kilikuwa cha pili. Akampa Zipora simu aishike wima, akasimama mbele yake.

"Baba, geuza simu niwaone."

"Mama, na mimi nitaonekana."

"Uonekane."

Dari ikaondoka. Akamwona mkwewe usoni kwa mara ya kwanza: macho mekundu, ndevu hazijanyolewa, kajitanda khanga ya mke wake na mtoto ndani yake. Nyuma yake Emiliana kaketi kitandani, kaelekea ukutani.

"Emi. Mwanangu."

Bega halikutikisika. Akaita tena kwa Kigogo, jina la utotoni. Emiliana akageuza shingo, akamtazama mama yake kama mtu anayetazama basi lisiloenda kwao.

"Uko mbali, mama," akasema, akarudi ukutani.

Loisi alikuwa na mengi ya kusema. Kaanga mbegu za kuleta maziwa, chemsha maji, mshike mgongo: yote aliyajua, na yote yalitaka mikono. Mtoto akalia tena, kidogo zaidi.

"Mlete," akasema Loisi, akanyoosha mikono yote miwili. "Nipe huyo mtoto."

Na Zablon, ambaye hajawahi kumkatalia mama mkwe neno, akamtoa mtoto kwenye khanga akamleta. Akamsogeza, akamsogeza, mpaka kioo chote kikawa shavu na kinywa kilichoachama, kisha kikawa giza.

"Mpokee, mama," sauti ya Zablon ikasema.

Zipora akageuza uso pembeni. Loisi alibaki amenyoosha mikono.