Basi la Kumpima Suhaib

Shemeji yangu Mselem anaamini kwamba ndege haimpimi mtu. Kwenye ndege, anasema, watu wote wamefungwa mikanda na wanaletewa chakula, hata shetani ataonekana ana adabu. Ukitaka kumjua mtu panda naye basi, tena la usiku. Kwa hiyo Suhaib alipoleta posa ya binti yangu Muna, Mselem hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Nitasafiri naye kwanza."

Kwetu Tanga hilo si jambo la ajabu. Posa ikija, hutumwa mtu akaulizie: ni ukoo gani, wanaswali, wanaelewana na majirani? Lakini Suhaib ni Mcham, Mwislamu mwenzetu ambaye wazazi wake walitoka Kambodia wakafungua duka la vitambaa Cabramatta, hapa Sydney tunapoishi. Tanga nzima hakuna wa kumuulizia. Bibi yake bado yuko kijijini kwao, kando ya mto Mekong. Na kwa kuwa mume wangu alishafariki, kaka yake Mselem ndiye walii wa Muna, na bila neno lake hakuna nikahi. Basi tukaondoka mtaani kwetu Toongabbie watatu, kwenda kwa bibi huyo. Mimi nilikwenda ili angalau mmoja wetu awe na akili.

Ndege ilitushusha Vietnam, mjini Saigon, na kutoka hapo tukapanda basi la kuvuka mpaka kuingia Kambodia. Lilikuwa basi la vitanda, vya juu na vya chini, na viatu unavua mlangoni unavitia kwenye mfuko wa plastiki. Mselem ni mrefu. Miguu yake ilitokeza njiani, na kila aliyekwenda chooni aliigonga. Suhaib akampa kitanda chake cha mbele chenye nafasi, mwenyewe akaenda nyuma, jirani na choo.

"Anajionyesha," Mselem aliniambia kwa sauti ya chini.

Baadaye kijana akapitiwa na usingizi. "Mvivu," Mselem akasema. Hapo nikajua kwamba mtihani wenyewe hauna jibu sahihi, nikajifunika blanketi.

Tulifika mpakani alfajiri, geti likiwa bado limefungwa. Utingo akapita kukusanya pasipoti za abiria wote, maana ndivyo mabasi yale yanavyofanya: yeye huzipeleka dirishani kwa pamoja, abiria wakafuata baadaye. Mselem alimpa ya kwake akiwa nusu usingizini. Nilimwona kwa macho yangu. Akageukia dirishani, akaendelea kukoroma.

Lazima nieleze kwamba Mselem aliingia Australia kwa njia ndefu, na pasipoti ile ya buluu anaitunza kuliko meno yake. Alipoamka akajipapasa kifuani na kukuta mfuko mtupu, alikurupuka kama aliyeumwa na nge. Suhaib alikuwa ameinama hapo karibu, anamkunjia blanketi. Mselem akamkamata ukosi wa shati.

"Thief!" akapiga kelele. "This man is a thief!"

"Shemeji, umempa utingo, nimekuona," nikasema. Nilisema tena, na tena. Ilikuwa sawa na kuuambia ukuta.

Askari akaingia, akamteremsha Suhaib. Begi lake likamwagwa chini, mbele ya basi, abiria wote wakichungulia madirishani: nguo za ndani, mswaki, kopo la maziwa ya unga na dawa za magoti alizomnunulia bibi yake. Alipiga magoti akaanza kuokota, na mimi nikashuka nikaokota naye. Nilimwomba radhi. Akasema kwa Kiingereza, kwa upole, "Si wewe, Auntie." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Utingo akarudi na pasipoti zetu zote, ya Mselem ikiwa juu kabisa.

"Alhamdulillahi, imepatikana," Mselem akasema, utadhani ilikuwa imekwenda matembezi yenyewe. Kwetu husemwa mkubwa ni jalala, kila uchafu humwangukia yeye. Shemeji yangu siku zote ameielewa methali hiyo kinyume.

Ng'ambo ya mpaka basi likasimama kwenye mgahawa. Tulikunywa supu. Kisha Mselem akavua kofia yake, ile aliyoshonewa kwa mkono na marehemu mkewe, tundu kwa tundu, ambayo hata wanawe hawaruhusiwi kuigusa. Akamvisha Suhaib. Mzee wa kwetu hamwambii kijana "nimekosa". Humpa kitu, na kadiri kitu kilivyo kizito ndivyo msamaha ulivyo mzito. Kofia ile ilikuwa kila alichonacho.

Suhaib aliivua, akaitazama, akashukuru. Akaiweka mapajani, akaendelea na supu yake.

Kijijini bibi alitupokea vizuri mno. Alitulisha samaki, akatupeleka msikitini kwao, akamshika Mselem mkono asiuachie. Suhaib hakumweleza lolote. Mselem alirudi Sydney akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Wiki iliyofuata wazazi wa Suhaib walikuja Toongabbie kupokea jibu. Muna alileta kahawa na kaimati. Mselem akakohoa, akanyoosha kanzu.

"Nimesafiri naye," akasema kwa Kiingereza chake cha kuchagua maneno. "Ni kijana mwema. Nimekubali."

Mama yake Suhaib akatabasamu. Suhaib hakutabasamu.

"Ahsante, Uncle," akasema. "Nampenda Muna. Lakini nikioa hapa nitakuwa mtoto wako, na sijui nitakuwaje mtoto wa mtu aliyeniita mwizi."

Muna akaweka sinia mezani. "Ami? You called him a what?"

"Hayo yalikwisha!" Mselem akageuka kwangu, akahamia Kiswahili. "Ruqayya, mwambie. Nilimpa kofia ya marehemu!"

Nikamweleza Suhaib, polepole, maana ya kofia ile: nani aliishona, na kwa nini mzee wetu hatoi maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Niliona kwamba ameelewa, na kwamba imemgusa.

"Sikujua, Auntie," akasema. Kisha akamgeukia Mselem. "Naithamini. Lakini uliniita mwizi kwa sauti, Uncle, basi zima likasikia. Kofia ulinipa kimya kimya."

Baba yake Suhaib alitazama zulia. Muna alinitazama mimi. Lakini neno "nimekosa" halikuwa langu kulisema. Nilimjua Mselem tangu siku ya harusi yangu na sikuwahi kumsikia akilitamka, si kwa mkewe, si kwa mdogo wake aliyekuwa mume wangu. Nilikuwa na hakika atatoka nje.

Mselem alisimama. Alishika mgongo wa kiti.

"This man is not a thief!" akasema kwa sauti ileile ya kwenye basi, hata mbwa wa jirani akabweka. "I am wrong! I am sorry!"

Kisha akakaa, akamwomba Muna maji. Suhaib ndiye aliyeyaleta.