Upande Mweupe

Sheria yangu ilikuwa moja tu: chini ya miaka minane, simfundishi mtoto. Wazazi walinibembeleza, wakanipigia simu, mmoja akaniletea hadi kuku. Nikamwambia, kuku nampokea, mtoto mrudishe akifikisha minane. Kila Jumamosi asubuhi meza yangu ya chakula ilizungukwa na watoto wanane, tisa, kila mmoja na mchemraba wake wa rangi sita, wakizungusha kwa kelele mpaka majirani wakanibatiza Babu Mchemraba. Nimefundisha hesabu miaka thelathini. Nikisema mtoto hayuko tayari, basi hayuko tayari.

Watu walidhani tatizo ni vidole vidogo, au kwamba mtoto hajajua kulia na kushoto. Hayo madogo. Unamfunga uzi mkono wa kulia, yamekwisha. Kazi iko kwenye upande mweupe. Mtoto anahangaika wiki mbili kuupanga, unakamilika, anauonyesha hata kwa paka. Halafu unamwambia: haya, ili uendelee, uvunje. Huwezi kupanga safu ya pili bila kuivuruga ya kwanza kidogo. Mizunguko minane, kisha mweupe unarudi. Hapo ndipo wadogo wanapoangua kilio. Yuko mmoja alificha mchemraba ndani ya shati akakimbilia chooni, akajifungia.

Sababu yangu ya kweli sikumwambia mtu. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa mwanangu mwenyewe, akiwa na miaka sita. Alikataa kuvunja upande wake. Nilimfokea, nikamnyang'anya, nikauvunja mbele ya macho yake, nikamwita kichwa kizito. Leo ni fundi bomba, mtu mzima, ananiheshimu, dawa zangu ananiletea kila mwezi bila kukosa. Lakini kwenye ile meza hajaketi tena. Akija anaongea akiwa amesimama, utadhani ameacha gari barabarani.

Jumamosi moja sinki la jikoni likaanza kuvuja, nikamwita. Alikuja na binti yake wa miaka sita, maana mkewe, fundi cherehani, alikuwa na sare za shule nzima za kumalizia. Darasa langu lilikuwa limekwishatawanyika. Mwanangu akajiingiza chini ya sinki, ikabaki miguu tu nje. Mjukuu wangu akapanda kiti.

"Babu, nifundishe."

"Njoo ukiwa na miaka minane."

"Nikiwa na minane, wewe utakuwa bado upo?"

Jamani! Watoto wa siku hizi midomo yao haina breki. Kule chini spana ilinyamaza. Nilitaka kumfukuza akacheze nje, ila ningemwambia nini baba yake? Nikauvuta mchemraba. Mwana nilishampoteza kwenye meza hii. Nikimliza na mjukuu hapa hapa, baba yake akisikia kila kitu, hatamleta tena kwangu.

Nikampangia msalaba mweupe, nikamwachia pembe nne. Zilimchukua karibu saa nzima. Baba yake alitoka kununua kipande cha bomba, akarudi, akalala tena chini ya sinki, na yule mtoto bado ameuma ulimi anazungusha. Pembe ya nne ilipoingia, alinyanyua mchemraba juu kwa mikono miwili.

"Hongera!" nikasema haraka haraka. "Basi, tumemaliza kwa leo."

"Mbona huku pembeni bado?"

"Huko... huko mpaka uvunje huo mweupe."

Nilisubiri kilio. Akautazama upande wake, akanitazama mimi.

"Kumbe," akasema. "Naanzia wapi?"

Mungu wangu. Nikamtajia mzunguko wa kwanza, akazungusha. Wa pili, wa tatu. Mweupe ulipasuka, njano ikaingia, bluu ikaingia, na yule kiumbe anaimba kwa pua kama anayeosha vikombe. Kufikia mzunguko wa tano kila kitu kilikuwa vurugu tupu, na ni mimi, mzee mzima, niliyekuwa nimeshika ukingo wa kiti. Wa sita. Wa saba. Wa nane, na mweupe huo hapo, mzima, na kando yake kipande kimoja kimeketi mahali pake ambapo hakikuwapo. Nimeuona ukirudi hivyo maelfu ya mara. Siku hiyo mwili ulinisisimka, nywele za mikono zikanisimama, nikajikuta namtazama mtoto kwa adabu, kama mtu aliyenizidi umri.

"Hukuogopa?" nikamuuliza.

"Niogope nini? Mama anafumua kila siku. Jana amefumua mkono mzima wa shati, ulikaa vibaya. Mimi ndiye navuta uzi. Halafu anashona tena." Akajikuna pua. "Wala hakasiriki."

Miaka yote hiyo nahesabu umri wa watoto wa watu, na huyu alikuwa ametayarishwa miguuni pa cherehani, na mama aliyefumua bila kukasirika. Mwanangu je, alipokuwa na sita, alikuwa ameona nini ndani ya nyumba yangu? Aliona kalamu nyekundu. Alinisikia nikigombana na daftari za watoto wa wenzangu.

Mwanangu akatoka chini ya sinki, anajifuta mikono. "Baba, tayari. Halivuji tena."

Nilisema kabla sijajizuia. "Mwanangu, siku ile hukuwa na kichwa kizito. Wala hukuwa mdogo. Ambaye hakuwa tayari ni mimi. Nisamehe."

Hakuuliza siku ipi. Akafungua bomba, akatazama maji, akafunga.

"Sikuwa nimegoma, Baba," akasema. "Nilitaka tu Mama auone kwanza, akitoka kazini."

Jambo dogo hivyo. Ningeuliza tu.

Binti yake akasogeza kiti kwa mguu. "Baba, kaa. Nikuonyeshe."

Akakaa. Akaupokea mchemraba kwenye ile mikono mikubwa yenye grisi, akasikiliza maelekezo ya mwanawe, akazungusha mzunguko wa kwanza. Aliuzungusha kinyume. Niliona pale pale, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikafumba mdomo, nikamwacha azungushe.