Upande wa Pili wa Koleo

Koleo moja la kubebea reli lilibaki chini juu ya kokoto, taya wazi, vipini vimetupwa huku na huku kama mtu aliyeangushwa chali. Mengine yote yalikwisha pata wenyewe. Wanaume wawili wawili, kila jozi ya kimo kimoja, walisimama kandokando ya reli mpya wakimsubiri nyapara atoe sauti. Winchi haikuweza kupenya katika njia ile nyembamba iliyochongwa mwambani. Hapo palitaka mikono.

Nyapara alitazama mbele, njia ya zamani ilikokuwa bado haijaguswa: mataruma ya mbao ya kulazia reli, yaliyogeuzwa unga na mchwa, chuma kilichofanya kutu, magugu yaliyojiotea palipokuwa pakipita shehena ya nchi nzima. Mwenye kipini kimoja cha koleo lile lililobaki chini alikuwa mwanawe. Juzi aliteguka mgongo akishusha taruma la zege, na sasa alikuwa kitandani, kugeuka ubavu hawezi.

Kikosi kilikuwa na mila yake, na aliyeiasisi ni nyapara mwenyewe: aliyeumia, mtu wa nyumbani kwake humshikia nafasi mpaka apone. Asipokuja mtu, nafasi huenda kwa waliosubiri langoni, nao hawakuwa haba. Mila hiyo ilikuwa imezistiri nyumba nyingi. Nyumbani kwa nyapara, mwanamume mwingine hakuwapo.

"Mzee, jua linapanda," alisema Mlingoti, bwana mrefu mwenye mdomo usiojua kufuli. "Ita mtu langoni tuendelee. Au sheria kwetu ni msumeno, kwako ni kisu butu?"

Wakacheka. Nyapara akauinua mkono aite, na ndipo alipomwona mkaza mwanawe akiteremka kwenye mwamba, suruali ya mumewe imekunjwa miguuni, buti zimeshindiliwa matambara.

"Shikamoo, baba," alisema, macho chini.

"Marahaba. Mgonjwa kazidiwa?"

"Hapana, amelala. Nimekuja kumshikia nafasi."

"Shemeji!" Mlingoti alidakia. "Hapa hatuinui sufuria!"

"Najua. Sufuria mkeo anasema hujapata kuinua hata moja. Leo tutaona kama reli unaiweza."

Kicheko kilichozuka safari hii kilimwelekea Mlingoti. Nyapara hakucheka.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Watasema nimeigeuza kazi ya watu kuwa sebule yangu."

"Watasema, baba. Nikirudi pia watasema, ila nafasi itakuwa imekwenda. Mila hii ni yako. Kama uliiweka kwa ajili ya nyumba za wengine tu, nitamkie mbele yao, nami nitaondoka."

Hakuna mtu wa nyumba yake aliyepata kumjibu hivyo hadharani. Hasira ilimpanda. Maisha yake yote alikuwa ameuegemea unyoofu wake kama mkongojo. Kumbe mkongojo nao huweza kumzuia mtu asipige hatua. Amfukuze huyu, watu wamsifu kwa kutopendelea, na mwanawe apone akute mahali pake pana mgeni?

"Tuseme abaki," alisema Mlingoti, sasa bila mzaha. "Jozi wake nani? Aliyeshika na mumewe amempita kichwa kizima. Reli itamlalia."

Hilo lilikuwa kweli. Koleo halimwonei haya mtu: mmoja akipungua kimo, uzito wote humfuata yeye. Nyapara akawapitia watu wake kwa macho, mmoja baada ya mwingine, hakuona wa kulingana naye. Kisha akajitazama. Miaka ilikuwa imemkunja taratibu, kama jani linavyokunjwa na jua, hata kimo chake kikawa sawa na cha mkaza mwanawe, na hakuwa amelikubali hilo hata mbele ya kioo.

Akavua koti. Akashuka ukingoni, akamwambia aliyekuwa jozi wa mwanawe, "Wewe kaa pembeni, umpokee atakayechoka," akainama na kushika kipini.

"Mzee!" Mlingoti alimaka. "Na nani ataita tuinue?"

"Mimi," alisema mkaza mwana.

Wenye koleo moja hawatazami chuma. Hutazamana, maana jicho la mwenzako hukuonya kabla mkono haujateleza. Na wawili hawa, kwa heshima, walikuwa wameishi chini ya paa moja pasipo kukutanisha macho.

"Nitazame, baba," alisema.

Akamtazama.

"Haya! Juu!"

Reli ikabanduka kwenye kokoto. Hatua zikaanza, fupi, nzito, pumzi zikigonga mwamba na kurudi. Katika macho yale aliona hofu isiyopungua ile yake mwenyewe, na nyuma ya hofu aliona kitu kilichokataa katakata kukaa chini.

"Tuitue!" sauti ya Mlingoti ililia kutoka mwisho wa reli. "Tupumzike!"

"Mataruma yako mbele!" mwanamke aliita. "Hapa ni kokoto tupu! Twende!"

Na nyapara, ambaye miaka yote ndiye aliyekuwa akiita, akawa wa kwanza kuitikia.