Jiko Lililopigwa Mnada

Kuanzia Usa River hadi Nduruma, ukimtaja Injinia, kila mtu anajua unamsema Elinipa. Ndiye aliyebuni mashine ya kumenyea kahawa inayoendeshwa kwa pedali za baiskeli. Ndiye aliyefunga gurudumu kwenye mfereji, majirani wakapata taa kabla nguzo za umeme hazijapanda mlimani. Mashine yake ya kukatakata migomba iwe chakula cha ng'ombe ilimfikisha mpaka kwenye televisheni, akavaa koti lake la harusi.

Nyumbani, mkewe Magdalena alipikia mafiga huku akikohoa.

Si kwamba Elinipa alikuwa haoni. Miaka mingi nyuma alimtengenezea jiko la bati lenye bomba la kutolea moshi. Lilipendeza, na hapo ndipo kichwa kilipomvimba. Jumapili ya mavuno akalibeba kanisani, akalitoa sadaka, lipigwe mnada nje baada ya ibada pamoja na mikungu ya ndizi na majogoo, ili usharika mzima ulione. Likagombaniwa kweli.

"Wewe nitakutengenezea lingine," alimwambia mkewe njiani.

Magdalena akasema sawa. Wateja wakamiminika, na hilo lingine likawa la kesho kila siku.

Jumamosi hii binti yao, Violet, alikuja na gari kumchukua mama akaishi naye mjini, Njiro. Daktari alikuwa amesema mapafu yale hayataki moshi tena. Wiki nzima Elinipa alikuwa akigonga bati kama mwendawazimu ili mkewe asiondoke.

"Shikamoo baba. Mama yuko tayari?"

"Marahaba. Ngoja kwanza."

Akamshika Magdalena mkono, akampeleka jikoni. Jiko jipya lilikuwa limesimama pale, bomba lake limetoboa paa. Magdalena alilipapasa taratibu.

"Zuri," alisema. "Lile la mnada lilikuwa na mdomo mpana zaidi. Kuni zingeingia bila kupasuliwa."

"Baki, Mama Violet. Nitaupanua."

"Nimechoka kusubiri, Baba Violet."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Elinipa kuliko yote.

Gari lilipokwisha kushuka, alirudi jikoni, akawasha moto, akabandika chai ya mtu mmoja. Moshi wote ukapita bombani, ukatokea juu ya migomba. Akakaa kwenye kigoda cha mkewe. Machozi yakamtoka, na hapakuwa na moshi wa kusingizia.